Mbwa Mwitu wa Gari la Baba

Kaka yangu alipotokeza kwenye lango la wageni pale uwanja wa ndege wa Baiyun, Guangzhou, sikumwamkia. Kwetu mdogo asiyetoa shikamoo ametukana, na nilitaka ajue kwamba ametukanwa. Nilimuuliza habari za safari, nikageuka kutafuta teksi. Alikuwa anaburuta masanduku mawili mazito, na kifuani amekumbatia furushi la taulo kama aliyebeba kichanga. Ndani ya taulo mlikuwa na spidomita ya gari.

"Siku hizi Uchina watu hawaamkiani?" aliuliza tulipokaa ndani ya teksi.

"Wanaamkiana na waliogawana nao mirathi," nikasema.

Tuliteremka Xiaobei, mtaa wa Waafrika.

Mimi na yeye ni wa baba mmoja. Mama yake ndiye mke mkubwa, mwenye nyumba ya Ilala. Mama yangu ni mke wa pili, aliyeachwa na kurudi kwao Tanga nikiwa darasa la tatu. Kati ya nyumba hizo mbili hapakuwahi kuwa na mapenzi, na mimi sina tabia ya kujifanya yalikuwepo. Nimekaa Guangzhou miaka mingi nikinunulia watu mizigo, namjua kila wakala wa kontena katika jengo la Tianxiu, na muda wote huo kaka yangu hakuwahi kuniuliza hata kama nimekula. Akaja kuniuliza kuhusu gari.

Gari lenyewe ni la Kimarekani, milango miwili, boneti ndefu kuliko chumba nilichopanga, injini ya silinda nane inayokunywa petroli bila haya. Rangi yake ni ya chungwa lililoiva, na mistari miwili myeusi kutoka mbele hadi nyuma. Baba alilinunua kwa mhandisi wa Kimarekani aliyekuja kujenga barabara kisha akaondoka nchini kwa haraka. Wanaojua mambo hayo wanasema toleo lile lilitengenezwa machache sana, na kwetu hakuna aliyewahi kuona la pili. Baba alilitoa sikukuu za Idi na kwenye harusi za watu aliowapenda. Mbele, katikati ya wavu wa shoo, lilikuwa na nembo ya chuma: kichwa cha mbwa mwitu, meno nje. Bibi alikataza lisiegeshwe karibu na mlango kwa sababu malaika hawaingii penye mbwa. Baba akamweleza kuwa huyu ni wa chuma. Bibi akasema mbwa ni mbwa.

Siku mama alipopewa talaka, baba alikuwa ameenda msikitini kusali Ijumaa. Mama alifungua boneti, akachukua kisu cha jikoni, akalegeza skrubu mbili za nyuma ya ile nembo na kuitia kwenye begi katikati ya kanga zake. Hakuchukua kitu kingine chochote cha nyumba ile. Baba aliitafuta kwa miaka, akawafukuza vijana wa gereji mmoja baada ya mwingine, na kamwe haikumjia akilini kwamba mwanamke anajua boneti inafunguliwaje. Nilipokuwa nakuja Uchina mama alinipa niende nayo. Nikaiweka juu ya friji, na nilikuwa naitazama nikipika.

Baba alipofariki, mirathi iligawanywa bila mimi kuitwa. Nilipopiga simu, kaka aliniambia nyumba imeuzwa kwa sababu ya matibabu, na kuhusu gari akanijibu jibu ambalo hadi leo linanichoma: "Chuma chakavu hakirithiwi." Wakati ule lilikuwa uani kwake, matairi yameoza, kuku wanataga ndani. Nikakata simu. Baadaye akatokea tajiri mmoja wa Arusha anayekusanya magari ya zamani, akasema atalichukua likirudishwa kama lilivyotoka kiwandani, mpaka skrubu ya mwisho. Ghafla chuma chakavu kikapata heshima, na mimi nikapata kaka.

Sikutaka hela za tajiri. Nilitaka kitu kimoja tu, na nilimwambia jioni ile ile ya kwanza, tukila kondoo wa kuchoma kwa Waislamu wa Xinjiang pale Xiaobei. Nilitaka ampigie simu shangazi yetu, dada wa baba, ambaye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki, amwambie kwamba gari la baba ni letu sote, langu na lake. Sentensi moja. Mtu akisema hivyo mbele ya shangazi, amekubali kuwa mimi ni mtoto wa yule mzee na mama yangu alikuwa mke, si mgeni aliyepita.

Kaka alimega mkate, akautafuna taratibu. "Tutaongea," alisema.

Kila Mswahili anajua "tutaongea" maana yake nini. Nililipia chakula ili asipate la kunisema, nikaenda kulala.

Kesho yake tukaanza kuzunguka. Gari lenyewe lilikuwa kule nyumbani, mtaa wa Gerezani, kwa fundi wa bodi, limevuliwa kila kitu, limekwanguliwa puti ya zamani mpaka chuma kitupu. Kaka alikuwa amekuja na vipande vyake kwenye masanduku: vitasa vya milango na vioo vya pembeni vya kuchovywa nikeli upya, mkanda wa mpira wa mlango, kipande cha zulia, kifuniko cha taa ya nyuma kilichopasuka. Alitaka kila kimoja kitengenezwe kama kilivyokuwa. Asubuhi tunaingia maduka ya vipuri ya Yongfu, jioni tunatoka tumegombana na nusu ya mtaa.

Jiji hili lina dharau yake kwa neno "orijino". Muuza duka akikusikia unalitamka anakuuliza kwa utulivu kabisa: orijino A, au orijino B? Kaka alikuwa anajibu "orijino orijino," kwa sauti ya juu, akidhani kelele ni tafsiri. Nami namtafsiria kwa sauti ya chini, nikiona haya. Wenye maduka walikuwa wananihurumia. Mmoja aliniuliza kama huyu ni mume wangu, nikamwambia Mungu apishe mbali.

Nitasema ukweli hata kama unaniuma: alilijua gari lile. Dukani tuliletewa mkanda wa mpira uliofanana na wake kwa kila kitu, kaka akaupitisha kidole, akaukataa. Wa kwake una mifereji mitatu, ule ulikuwa na miwili. Sikuwa nimeona. Kwenye karakana ya nikeli, nje ya jiji, alimwambia fundi asing'arishe sana, kiwandani Marekani hawakung'arisha vile, walikuwa wanaharakisha. Yule fundi akacheka, akarudia kazi. Zulia tulilitafuta mpaka tukapata lenye nyuzi za rangi ileile, kijivu chenye weusi ndani yake. Aliinama sakafuni akalilinganisha na kile kipande chake kwenye mwanga wa mlangoni, na kwa muda kidogo alifanana na baba mpaka nikatoka nje. Anajua kila skrubu ya gari lile, na hajui kwamba mama yangu anaumwa presha.

Kilichobaki kikawa mbwa mwitu. Kaka alikuwa na picha zake za zamani, akazitembeza Yongfu nzima. "Meiyou," kila duka. Hamna. Hata kwenye mtandao, ambako Mchina anakupatia jino la nyani ukitaka, hakukuwa na kitu. Jioni ya siku hiyo alitoka hotelini kwake akaja kwenye chumba changu, mara ya kwanza, kurudisha mwavuli niliomwazima. Akaiona nembo juu ya friji.

Alisimama akiitazama. Mwavuli unamchuruzikia viatuni.

"Una kitu changu," alisema.

"Nina kitu cha mama yangu."

"Kimeibwa kwenye gari la baba."

"Chuma chakavu hakiibwi, kaka."

Aliketi bila kukaribishwa. Tukasemezana maneno ambayo watu wa baba mmoja husemezana mara moja tu maishani. Aliniambia mama yangu alikuwa mwanamke wa tamaa. Nikamwambia mama yake alikuwa anahesabu hata chumvi. Alisema baba alilia kwa ajili ya ile nembo. Nikasema kwa ajili yetu hakulia. Alisema anaichukua, nikamwambia aiguse aone. Jirani wa Kichina akagonga ukuta.

"Mpigie shangazi," nilimwambia. "Sentensi moja, uichukue uondoke nayo."

"Siwezi kusema uongo mbele ya mtu mzima."

Nilimfungulia mlango. Niliona bora mvua iingie kuliko yeye kubaki.

Lakini viza yake ilikuwa inaelekea kuisha, na nilikuwa nimechoka kuiona sura yake. Asubuhi nikamwambia nitamtengenezea nakala, ya mama yangu inabaki kwangu. Nilidhani atakataa. Mtu aliyekataa mpira kwa ajili ya mfereji mmoja atakubali vipi nembo bandia? Alifikiri kidogo tu. "Tajiri hatajua," alisema. Hapo ndipo nilipoacha kumheshimu hata kwa kile kidogo nilichokuwa nimeanza.

Nilimpeleka Yide Lu, kwa laoban mmoja, yaani mwenye duka, ninayenunua kwake vishikio vya funguo na vinyago vya watoto. Duka lake limebanwa kati ya wauza ngisi wakavu na wauza kamba wakavu, mtaa mzima unanuka bahari iliyoanikwa. Laoban aliipokea nembo kwa mikono miwili, akaigeuza, akaipima kwa kifaa chake, akasema inawezekana, kalibu itakuwa tayari baada ya siku chache. Kisha akasema kile kinachosemwa kwenye kila duka la jiji hili: kiwanda hakitengenezi kimoja. Kuanzia mia tano.

Nilimtafsiria kaka nikijua ataruka. Hakuruka. Nilimwona akibadilika mbele yangu. Yule mtu wa mifereji mitatu akaondoka, akabaki mwenye duka la jumla Kariakoo.

"Muulize alfu moja atafanyaje."

"Kaka, gari lako ni moja."

"Muulize."

Nikauliza. Laoban akabonyeza kikokotoo chake akatuonyesha. Alfu moja, kila moja inakuwa rahisi kuliko soda.

"Hizi bodaboda watazigombania," kaka alisema. "Na bajaji. Mbele, juu ya taa."

"Si ulisema gari la baba halina la pili?" nilimwambia. "Tajiri ananunua kwa sababu hakuna la pili."

"Biashara usinifundishe. Wewe ni wakala tu, unabeba mizigo ya wenzio."

Nilimwonya mara hiyo moja, na alinijibu hivyo. Basi nikafunga mdomo. Laoban akauliza kama tunataka macho yawe na taa nyekundu, zinazowaka kwa betri. Nikatafsiri kwa uaminifu mkubwa. Kaka akasema ndiyo, zote ziwe na taa, isipokuwa moja ya gari. Naapa nilifurahi. Kalibu ilipokamilika nilirudi nyumbani na nembo ya mama, sampuli kamili, nikaipangusa vumbi la kiwandani na kuirudisha juu ya friji.

Mzigo wake niliupenyeza kwenye kontena la kuchangia, pamoja na viatu vya Liuhua na masufuria ya watu wa Mwanza, kama ninavyofanya kwa mteja yeyote. Uwanjani, siku ya kuondoka, nilimuuliza kuhusu shangazi. Alikuwa anapanga vitasa vyake kwenye begi la mkononi, kila kimoja kwenye soksi yake.

"Mambo ya ukoo hayaongelewi kwenye foleni," alisema.

Kwetu sisi tunaonunua huku, kuna jambo ambalo kila mtu analijua na yeye alilisahau kwa sababu ya tamaa. Kalibu ikishatengenezwa, ni ya laoban. Mali yako utaiondoa, lakini moja ataiweka kwenye rafu ya mbele, na kila anayeingia ataiona. Sikumkumbusha. Aliniambia nisimfundishe biashara, nikamtii.

Wa kwanza kuiona alikuwa mama mmoja wa Lubumbashi, mteja wangu wa zamani. "Mama, kile kichwa ya mbwa, c'est combien?" aliniuliza bei, akiinyooshea kidole rafuni. Akachukua makatoni. Wakafuata Wakenya wawili, wakachukua kwa ajili ya matatu zao. Halafu Kariakoo yenyewe ikashtuka, washindani wa kaka wakaja kwa laoban yule yule, wakaagiza zenye macho ya kijani na ya buluu. Baada ya msimu mmoja nilikuwa natumiwa video na watu wasiojua lolote kuhusu ukoo wetu: bajaji za Mbagala zimepanga foleni kituoni, kila moja ina mbwa mwitu wa baba yangu usoni, macho yanawaka. Nilicheka mpaka wakala mwenzangu pale Tianxiu akaniletea maji.

Gari nalo lilikuwa likiendelea. Picha nilikuwa nazipata kwa binamu, si kwa kaka. Lilipigwa rangi ya chungwa ile ile, mistari ikarudi, injini ikafungwa na kunguruma. Vitasa vilikuwa na ule mng'aro wa wastani aliougombania. Lilikuwa zuri, na nilichukia kwamba ni zuri. Mbele, katikati ya shoo, palikuwa na mbwa wa Yide Lu.

Simu ya kaka ilikuja alasiri moja nikiwa ofisini kwa wakala, jengo la Tianxiu, nasubiri lifti ya mizigo. Alianza kwa kunisalimia mimi, mdogo wake, kwa adabu ambayo hajawahi kuwa nayo. Akasema yuko nyumbani kwa shangazi, na simu ameiweka spika.

"Shangazi, nasema mbele yako," alisema, kwa sauti ya mtu anayesoma. "Gari la baba ni letu sote. Langu na la dada yangu huyu."

Nilikaa juu ya bando la mzigo wa mtu. Miaka yote ile nilikuwa nimeiandaa siku hiyo kichwani, na kumbe sikuwa nimeandaa la kusema. Macho yalinijaa. Kisha akili yangu ya kibiashara ikaniuliza kwa nini limekuja kirahisi hivi.

"Shikamoo shangazi," nikasema. "Yule tajiri wa Arusha vipi?"

Kaka akaniuliza habari za mizigo yangu.

"Alishaondoka, mwanangu," shangazi akajibu, maana yeye hajui kuficha. "Wiki iliyopita. Alikuja na mtaalamu wake. Walipotoka uwanja wa ndege walipanda bajaji kwa sababu ya foleni."

Hakuhitaji kuendelea, lakini aliendelea. Yule mtaalamu aliitazama nembo ya gari, akatoka akaitazama ya bajaji iliyowaleta, akarudi. Alimuuliza kaka kama ile ni ya kiwandani, kaka akaapa. Baada ya kiapo kile hawakuamini tena kitu. Mpira wa mifereji mitatu hawakuuamini, zulia hawakuliamini, hata injini waliitazama kwa wasiwasi. Walikunywa chai wakaondoka, na tangu hapo hakuna aliyepiga simu.

"Basi sasa ni letu," kaka akaingilia, haraka. "Na kwa kuwa ni letu, nawe utafute pa kuliweka. Pale uani kwangu nataka kujenga fremu za maduka, mafundi wanaanza mwezi ujao."

Nilijua basi nimepewa nini. Lile neno nililolidai kwa nguvu zangu zote nimetupiwa kama kiporo, baada ya wenyewe kushiba na kukuta hakiuziki. Nilikuwa na hasira, na sikuona sababu ya kuificha. Nilimwambia kaka yangu yeye ni mtu mdogo, na shangazi alisikia, na hakunikataza.

"Sasa rudia," nikasema. "Mara hii umtaje mama yangu kwa jina lake, useme alikuwa mke wa baba. Ukimaliza nitaleta lori."

"Mbona unataka kunidhalilisha?"

"Nataka uani kwako pabaki peupe. Wewe hutaki?"

Shangazi alikohoa. Kisha kaka alilitaja jina la mama yangu, ambalo nyumba ya Ilala ilikuwa haijalitamka tangu siku ile ya Ijumaa, akasema alikuwa mke wa baba, na gari ni la watoto wa baba wote. Alisema kwa chuki, neno kwa neno. Nililipokea na chuki yake.

Nilikata simu nikampigia mama Tanga. Nilimwambia gari linakuja kwake na lori, atafute watu wa kulishusha.

"Siti ya mbele imo?" aliniuliza.

Katika ndoa yake yote, ya mbele ilikuwa ya mke mkubwa. Mama yangu alipanda nyuma, na mimi mapajani.

"Imo, mama," nikamwambia.

"Basi lije."